Ovaroli ya Theluji kwa Mtoto wa Houston

Mimi na Zainabu tuligombana miaka miwili kuhusu Marekani, na wote wawili tulikuwa hatujawahi kuikanyaga. Binti yake, Swalha, aliolewa Houston. Kijana wangu, Jovitus, anafanya kazi Minneapolis. Basi Houston ikawa yake na Minneapolis ikawa yangu, kama watu wanavyokuwa na timu za mpira, na kila mmoja wetu alikuwa tayari kupigania mitaa ambayo hata majina yake hawezi kuyatamka.

Tulipanga chumba kimoja Xiaobei, hapo Guangzhou, China, yeye mtu wa Magomeni, mimi mtu wa Bukoba, wajane wawili wa kununua nguo na kuzituma nyumbani. Mimi hununua magauni meupe ya komunyo ya kwanza, yeye madera na mitandio. Jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, ndipo mashindano yanapoanza.

"Mama Jovitus," ataanza yeye, "mwanao kaamka leo, au bado wanamfukua thelujini?"

"Kaamka, anakusalimia. Anauliza kama mkweo keshaiva au bado yuko jikoni."

Sisi wafanyabiashara mji tunaujua kwa oda zake. Jovitus akiagiza, anataka koti lenye bitana mbili, zipu ya kufika kidevuni, glavu, soksi za sufu. Swalha akiagiza, anataka kigauni chepesi kisichogusa mwili. Kwa hiyo tulikuwa na ushahidi.

"Mji ambao mtu lazima avae duka zima ndipo afungue mlango," Zainabu alikuwa akisema, "huo si mji, ni kifungo. Minneapolis ni jokofu ambalo limesahauliwa mlango wazi. Houston mwanangu ana nyumba yenye ua, kapanda bamia na mchicha, bahari haiko mbali, msikiti uko karibu."

"Karibu kwa gari," nami nilikuwa nikijibu. "Swalha mwenyewe kasema barabarani hakuna mtu anayetembea, ni magari tu. Umemwoza mwanao kwenye gereji. Na mwaka jana kimbunga si kiliwaezulia mapaa? Minneapolis mvua yenyewe ina adabu, inashuka polepole, nyeupe, haigongi bati."

"Inashuka miezi sita, shoga."

"Ina subira."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tulielewana sana.

Sasa mwaka huo, 2009, Guangzhou ilikuwa imetuchoka. Polisi walikuwa wakikagua pasipoti kila penye Waafrika wengi: madukani, kwenye vituo vya treni ya chini, hata mlangoni kwa yule Mkongo anayepika ugali. Ukikutwa huna pasipoti mkononi, au viza imekwisha, unapanda karandinga kwenda kituoni, na huko watafuata utaratibu, na utaratibu wao hauna haraka. Vijana ambao viza zao zilikwisha walikuwa hawaonekani mchana. Sisi vikongwe viza zetu zilikuwa nzima, lakini hatukutoka bila pasipoti hata kwenda kutupa takataka.

Ndipo Swalha akapata mimba, ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kungoja na dawa za hospitali na dawa za majani. Mama ndiye anayepaswa kuwapo binti akijifungua uzazi wa kwanza. Ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayemfunga tumbo, anayemwogesha mtoto na kumkaripia baba mtu. Zainabu alikuwa amepata viza ya Marekani Dar es Salaam safari iliyopita, tiketi amekata, ndege ni kesho yake asubuhi. Daktari wa Swalha alisema mtoto ni wiki hiyo hiyo. Masanduku yalisimama mlangoni kama askari wa zamu.

"Utamkanda kwa maji gani huko Houston?" nilimuuliza. "Si yanatoka bombani yamechemka?"

"Kacheke na theluji yako," akasema. Lakini furaha ilimzidi, akakunja mtandio mmoja mara nyingi kuliko mtandio unavyotaka kukunjwa.

Nikaona siwezi kumwacha aondoke hivi hivi, bila zawadi ya kumkera. Asubuhi hiyo nikamwambia naenda Zhanqian kuangalia sampuli za magauni. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kumtafutia mjukuu wa Houston ovaroli ya theluji.

Pasipoti zetu tulikuwa tunaziweka kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Hapa lazima niwaeleze jambo la kava. Zhanqian ni maduka ya jumla, hawauzi moja. Ukitaka moja, mwenye duka anakuambia "meiyou", hakuna, huku zimejaa nyuma yake mpaka darini. Ndiyo maana sisi tunaoishi kwa jumla tunafanana kama watoto wa kituo cha yatima: viatu sawa, mikoba sawa, vikombe sawa. Zainabu alipotaka kava la pasipoti ilibidi tununue dazani nzima, mekundu, yenye ua la dhahabu. Moja lake, moja langu, mengine tukawapa watu zawadi mpaka wakaanza kutukimbia. Nikafungua mkebe, nikachukua jekundu la juu, nikatia mkobani, nikatoka.

Mwezi wa saba Guangzhou jua linalainisha lami. Lakini madukani Zhanqian walikuwa wameshatundika makoti ya msimu wa baridi, maana biashara ya jumla hutangulia majira. Nikaenda kwa mama mmoja ninayemwita Laoban, yaani bosi, naye ananiita mimi Laoban. Pale wote ni mabosi, hakuna mfanyakazi. Akanionyesha ovaroli ya mtoto mchanga, ya bluu, nene kama godoro, kofia ina manyoya, miguuni imeshonewa soksi humo humo. Nikasema nataka moja. Akasema meiyou. Nikamchorea tumbo la mimba hewani, nikamwonyesha ndege ikiruka, nikamwonyesha mtoto anatetemeka, na mwisho nikamtetemekea mwenyewe. Akacheka mpaka akashika meza, akaniteremshia ile ya kutundika.

Nilikuwa naishindilia mfukoni niliposikia mapazia ya chuma yakishuka, duka baada ya duka, garagara, kama mvua inavyokuja kwenye mabati kutoka mbali. Vijana wakapita wakikimbia kuelekea ngazi za nyuma. Laoban akanipa ishara niingie ndani nijifiche. Nikamtikisia kichwa. Mimi nina viza, nijifiche kwa lipi? Tena magoti yangu hayakimbii, yanafuata tu.

Polisi wakatupanga mstari mmoja kwenye ukumbi wa chini. Polepole nikatoa kava langu jekundu, nikalifungua kuona viza yangu na kujipa moyo.

Nikakutana na uso wa Zainabu. Alikuwa ananitazama kwa dharau ile ile ya kila siku.

Niliufunga ule uso haraka. Nikaufungua tena, labda umeondoka. Ulikuwapo.

Nikaanza kupiga hesabu zangu. Nikisema ukweli, mimi sina pasipoti, kwa hiyo napanda karandinga, na pasipoti ya Zainabu inakwenda nami kuchunguzwa, nani aliniuzia, nani aliiba. Ndege ni kesho. Nikimpigia simu aniletee yangu, atatembea njiani bila yake, watamkamata kabla hajafika, na tutaonana kituoni. Kwa vyovyote vile Swalha atajifungulia peke yake kwenye ile gereji, na mimi ndiye niliyechukua kava la juu.

Basi nikawa Zainabu. Nilikuwa na mtandio mabegani kwa ajili ya jua, nikaufunga shungi, nikauvuta mpaka kwenye nyusi. Rozari yangu ya shingoni nikaitia ndani ya blauzi. Nikajaribu kusimama kama mtu wa pwani, yaani kama mtu ambaye hana haraka na wewe.

Mezani aliketi askari mzee mwenye miwani na chupa ya chai. Pembeni yake alisimama Sufian. Sufian ni kijana wa Kizanzibari, wakala wa mizigo, makontena yetu yote yanapitia kwake hadi bandari ya Nansha, na Kichina anakizungumza mpaka Wachina wanageuka kutazama sauti imetoka wapi. Makaratasi yake yalikuwa sawa, ndiyo maana askari wakamwomba asimame hapo awatafsirie. Na Sufian ananijua mimi, na Zainabu anamjua vizuri zaidi.

"Shikamoo Bi Mel—" akaanza.

"Waalaykum salaam, mwanangu Sufian," nikamkata. "Bibi yako Zainabu hajambo."

Akanitazama. Akaitazama pasipoti iliyokuwa tayari mkononi mwa askari. Kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto, "Bi Zainabu, shungi lako limelegea hapo shingoni."

Nikapapasa. Msalaba wa rozari ulikuwa umechungulia nje kuona kinachoendelea. Nikaurudisha ndani.

Askari akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha. Akasema kitu.

"Anasema kwenye picha ulikuwa umekonda," Sufian akasema.

"Mwambie ni chakula chao. Nawashukuru."

Askari akapokea shukrani kwa kichwa. Akafunua kurasa, akafika kwenye viza ya Marekani, akaketi vizuri.

"Anauliza unakwenda kufanya nini Marekani."

"Binti yangu Swalha anajifungua. Uzazi wa kwanza. Ndege ni kesho asubuhi, Mwenyezi Mungu akipenda."

"Mji gani?"

"Houston," nikasema, na ulimi wangu ukashangaa.

Askari akataka kuuona mfuko. Akaivuta ile ovaroli, ikajaa meza nzima, manyoya yake yakaingia kwenye kikombe cha chai. Akaigeuza. Akaniangalia juu ya miwani. Akazungumza maneno mengi kidogo.

"Bibi, anasema anaijua hali ya hewa ya Marekani, kila siku anaitazama kwenye kompyuta. Houston sasa hivi ni moto kama hapa. Anauliza hii ni ya mtoto gani."

Ule utani wangu wa kumkera Zainabu sasa unaninyonga mimi. Na kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni miaka miwili ya Zainabu. Nikakifungua kichwa, nikamwachia aseme yeye.

"Mwambie Houston ni mji bora kuliko yote," nikasema. "Mwambie nyumba zake zina ua, mtu anapanda bamia zinaota mpaka dirishani. Bahari haiko mbali. Kila taifa lipo, hata Watanzania, wanafanya harusi zenye pilau ya kweli. Barabara pana kama viwanja. Nje ni joto, ndiyo, joto zuri linalonyoosha mifupa. Lakini ndani..." Hapo maneno ya Zainabu yakaniishia, nikabaki na yangu. "Lakini ndani, mwambie, wanawasha viyoyozi mpaka mtu anatoa moshi mdomoni. Mtoto mchanga asiyevaa hii anaweza kuganda sebuleni."

Sufian alinitazama kwa jicho linaloniuliza kama nina akili timamu. Kisha akatafsiri yote, na bamia nafikiri alizionyesha kwa kidole.

Askari akaibinya ovaroli, akaipapasa bitana. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama umewahi kusikia mji unaoitwa Minneapolis."

Nikajua huo ni mtego. Jina la mji wangu mwenyewe, kutoka mdomo wa polisi, hapo Zhanqian. Nikafikiri: huyu ananipima. Mimi ni Zainabu, na Zainabu hawezi kuusikia mji huo akanyamaza.

"Minneapolis," nikasema, "ni jokofu ambalo limesahauliwa mlango wazi. Si mji, ni kifungo. Mtu huko wanamfukua ndipo aende kazini. Binadamu mwenye wazazi hawezi kupelekwa huko."

"Nitafsiri hivyo hivyo?" Sufian akauliza.

"Hivyo hivyo."

Akatafsiri. Askari akaacha kuibinya ovaroli. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema maneno machache. Sufian akasikiliza, kisha akainama kwangu kama anayetoa habari ya msiba.

"Bibi, mwanawe anasoma Minneapolis. Mwanawe wa pekee. Huu ndio mwaka wake wa kwanza."

Nilitamani yale mapazia ya chuma yashuke juu yangu.

"Anauliza wewe wa Houston umeyajuaje hayo."

"Nina rafiki," nikasema, nikajitupia mwenyewe, maana nilikuwa sina mwingine wa kumtupia. "Anaitwa Melania. Mwanawe yuko huko. Yeye mji huo anausifu asubuhi na jioni. Lakini mwambie huyo Melania ni Mhaya, na Wahaya wanajulikana kwa majivuno. Ndizi yao ikioza wanasema imeiva kupita kiasi."

Sufian akakohoa muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba Wahaya aliwatafsiri kama watu wa milimani wenye furaha.

Askari hakucheka. Aliishika chupa yake ya chai kwa mikono miwili, akauliza swali fupi.

"Anauliza kama huyo kijana wa rafiki yako alizoea."

Na hapo, sijui niwaambieje, yule hakuwa polisi tena. Alikuwa mzazi anayetazama hali ya hewa kwenye kompyuta kila siku. Mimi nilitembea na redio ndogo kanisani mwaka wa kwanza wa Jovitus, nisikie kama watataja Amerika. Nikashindwa kuendelea kuwa Zainabu.

"Mwambie mwaka wa kwanza ni mgumu," nikasema. "Kijana alikuwa anapiga simu halafu haongei. Anapumua tu. Mama yake naye anapumua. Saa kumi na moja jioni kumeshakuwa giza, na amezoea jua. Mama yake alitaka kwenda kumchukua kwa miguu."

Sufian alitafsiri taratibu.

"Halafu mwambie, mwaka wa pili gari lake lilizama kwenye theluji barabarani. Wakatoka watu kwenye nyumba zao, watu asiowajua, wana makoleo, wakamchimbua, wakamsukuma, wakarudi ndani hata majina hawakuacha. Siku hiyo alipiga simu akaongea. Na mjini wamejenga njia za vioo juu juu, kutoka jengo hadi jengo, unatembea mji mzima hujagusa baridi. Maziwa yakiganda wanatoboa shimo wanavua samaki, wamekaa kwenye viti. Ni wendawazimu, lakini wana furaha. Sasa huyo kijana mama yake akimwambia arudi, anasema subiri kwanza."

Askari alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza dawa inavyonywewa.

"Na koti," nikasema, kwa sababu mfanyabiashara hawezi kunyamaza. "Asimtumie koti kwa kulitazama. Alibinye kama alivyobinya hiyo, halafu avute uzi wa ndani. Manyoya yakitoka, aliache. Na viatu viwe na shingo ndefu, namba moja juu, ya soksi."

Hilo la viatu askari aliliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Akaikunja ovaroli mwenyewe, kwa ustadi ambao sikuutegemea, akairudisha mfukoni. Akaweka pasipoti juu yake. Akasema maneno, na Sufian akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu salamu.

"Anasema nenda, Bi Zainabu. Anakutakia mjukuu mwenye afya. Na anasema huyo rafiki yako Mhaya umpe salamu zake. Anamwamini kuliko wewe."

Nilitembea mpaka nje bila kugeuka. Nje jua lilikuwa lile lile, watu wanavuta mikokoteni ya marobota, muuza tikiti maji anakata tikiti maji. Nilikaa juu ya robota la mtu. Mwenye robota akanipa kipande cha tikiti, nikala mpaka kwenye ganda.

Sufian alinifuata baadaye kidogo, akanisindikiza mpaka Xiaobei kwa teksi, na njia nzima alikuwa analia kwa kucheka, kichwa kimeegemea kioo.

Chumbani Zainabu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kubwa, mkebe wa biskuti mapajani, na uso wangu umefunguliwa mbele yake. Macho yamevimba. Simu yangu, kumbe, nilikuwa nimeiacha kitandani. Nilisahau kuwaambia kwamba hata ile hesabu ya kumpigia ilikuwa bure.

"Mama Jovitus," akasema.

Nikamwekea kava lake jekundu mkononi. Akalifungua, akaipapasa ile viza kwa kidole, akalifunga. Akalifungua tena. Kisha akaangua kilio kikubwa, kile cha mtu ambaye msiba umepita nyumba ya pili, na mimi nikamsaidia, maana huwezi kumwacha mtu alie peke yake chumba kimoja.

Alipotulia, Sufian akamsimulia yote. Hakuacha hata bamia.

"Ngoja," Zainabu akasema. "Alisema Houston ni mji bora kuliko yote? Huyu?"

"Kuliko yote, Bi Zainabu. Mbele ya askari."

"Nililazimishwa na serikali," nikasema.

"Na Minneapolis akaiita jokofu?"

"Lenye mlango wazi," Sufian akasema.

Zainabu alijiangusha kitandani, akapiga mito. Alicheka mpaka jirani Mchina akagonga ukuta. Kisha ghafla akainuka, amekumbuka jambo, akanikazia macho.

"Sasa yule askari ana macho kweli? Akaangalia picha yangu, akakuangalia wewe, akaona sawa? Mimi na pua hii?"

"Alisema wewe umekonda," nikamwambia. "Aliona mimi ndiye nimependeza."

Ovaroli nilimpa hapo. Aliiinua juu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Mama Jovitus, hii ni nini?"

"Zawadi ya mjukuu."

"Houston? Mwezi wa saba?"

"Ndiyo iliyotaka kunifunga. Ichukue, imeshapita kwa polisi."

Alisonya, lakini aliifungia sandukuni, juu kabisa, kwa sababu haikuenea penginepo. Kesho yake alfajiri Sufian alitupeleka uwanja wa ndege. Tulikagua kava mara nyingi, uso wa nani, uso wa nani. Pale mlango wa kukaguliwa Zainabu alinikumbatia, akaninong'oneza, "Houston nitakupigia picha, uone uliloapia." Akapita. Askari wa pale aliitazama pasipoti, akamtazama, akagonga muhuri. Mimi nilibaki nimesimama mpaka mkoba wake, ambao ndio mkoba wangu pia, ukapotea kwa mbali.

Alikaa kimya wiki nzima. Kisha simu ikalia, asubuhi, mimi nachagua magauni ya komunyo.

"Mtoto wa kike," akasema. "Mzima. Swalha mzima, jana nimemkanda. Nilifika, shoga, siku mbili kabla."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, na Laoban akanitazama, nikamchorea tumbo hewani, nikamchorea tumbo limekwisha. Akapiga makofi.

"Haya, nisimulie Houston," nikasema. "Bamia nimeziapia, zipo?"

"Zipo." Nikasikia mvumo nyuma yake, kama wa ndege iliyokaa chini. "Mama Jovitus, nikikuambia kitu utanicheka maisha."

"Nitajitahidi."

"Nje huwezi kusimama, kichwa kinaunguzwa. Na ndani humu huyu mkwe wangu anawasha mtambo, baridi mpaka meno. Nikiuzima anauwasha. Siwezi kugombana naye, ni mkwe. Nimevaa makoti mawili, la tatu nimelifunga miguuni. Na mtoto..."

"Mtoto kafanya nini?"

"Mtoto kavaa ile ovaroli yako," Zainabu akasema. "Yuko sebuleni, kofia mpaka puani. Kalala vizuri kweli. Sasa hebu niambie wewe, huko Minneapolis ndani ya nyumba kukoje?"

"Kuna joto, shoga. Jovitus anashinda na singlendi."

"Nauli ya kwenda huko kiasi gani?" akauliza.

"Wala usithubutu," nikamwambia. "Mimi nimeapa mbele ya serikali ya China kwamba Houston ni mji bora kuliko yote. Kaa hapo hapo, usinifanye mwongo."